Barua kwa mwanangu: piano utakayoichagua Warsaw

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza jambo moja: ukifika Warsaw, Poland, kwenye Shindano la Piano la Chopin utaonyeshwa piano kadhaa jukwaani na kupewa dakika chache za kuchagua, je, uchukue Steinway, Yamaha, Kawai au Fazioli? Jina la kampuni tuliweke kando kwanza. Nitakwambia namna ya kuzitumia hizo dakika, maana wengi huzimaliza bure.

Usianze na etyudi, vile vipande vya kuzoeza vidole. Ukianza na kasi utaipenda piano nyepesi, kwa sababu vidole vinapita bila kazi. Siku yenyewe moyo unakwenda mbio, mkono unapata nguvu usiyoizoea, na piano nyepesi inakutoroka: noti zinabanana na mwendo unaongezeka bila wewe kutaka. Kitufe cha piano ya tamasha huzama kama milimita 10, na hushuka kwa uzito wa gramu 50 hivi. Gramu tatu nne zikizidi hutazihisi mwanzoni. Utazihisi katikati ya konseto, kile kipande kirefu cha piano na okestra, mkono ukishachoka. Kwa hiyo sikio kwanza, vidole baadaye. Nimekwambia hivyo tangu miguu yako haijafika kwenye pedali, na sijaacha.

Rekebisha stuli, kiwiko kiwe sawa na vitufe. Piga noti moja tu, oktava ya pili juu ya C ya kati, uishikilie mpaka iishe. Hapo ndipo piano nyingi hukosa pumzi: unasikia nyundo ikigonga, kisha sauti inakatika, na nyimbo za Chopin zinapenda kukaa hapo hapo. Halafu irudie noti hiyo kwa sauti ndogo kabisa. Kitufe kikizama bila kutoa kitu, huenda nyundo inaachiwa mbali mno na uzi, na mwanzo wa nokturno, kipande cha polepole na sauti ya chini, utakuwa na mapengo. Kanyaga pedali ya kushoto: vitufe vyote vinasogea kulia kidogo, nyundo inagonga nyuzi mbili badala ya tatu. Sikiliza kama sauti inalainika au inageuka ya puani. Ya kulia, tafuta ni wapi hasa inapoanza kuziachia nyuzi, kwa sababu nusu pedali yako yote inategemea hapo. Besi iache mwisho. Piano kubwa karibu zote zina besi nzuri, na besi nzuri inadanganya.

Unaikumbuka piano yetu ya Tanga, ile F iliyokuwa haipandi masika yote? Felti na mbao za vitufe zilivimba kwa unyevu, ndiyo maana ile balbu ilikuwa haizimwi ndani yake, usiku na mchana. Ulijifunza kuizunguka F ile, na mpaka leo kidole chako cha nne kina adabu ambayo hakuna mwalimu wa Ulaya aliyekupa.

Ndiyo maana kila ukitaja Warsaw namfikiria Dang Thai Son, mpiga piano wa Vietnam. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, mama yake, Thai Thi Lien, mmoja wa waasisi wa chuo cha muziki cha Hanoi, alihamia kijijini na wanafunzi wake, na piano ikavutwa na nyati. Kwenye kinanda cha namna hiyo mtoto akalelewa. Mwaka 1980 akashinda Warsaw, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo, na zawadi za pekee za polonezi na mazurka, vipande vya mtindo wa ngoma za Kipolandi, na ya konseto akazichukua zote. Na dunia ilizungumza nini? Mshindani Ivo Pogorelich, aliyekosa fainali, na mpiga piano maarufu Martha Argerich, aliyeondoka kwenye jopo la majaji kwa hasira. Bado linanichoma. Mama amebeba piano hadi kijijini, mwanawe ameshinda, halafu habari inakuwa ya mwingine!

Najijibu mwenyewe: Argerich alikuwa na haki ya kukitetea alichokisikia. Pogorelich hakuwa mpiga piano wa kawaida. Sawa. Lakini mwaka 2021 aliyeshinda ni Bruce Liu, mwanafunzi wa yule yule Dang Thai Son, na alipigia Fazioli.

Usilichukue hilo kama jibu. Inasimuliwa kwamba Chopin mwenyewe, kati ya piano mbili za Kifaransa, alipenda Érard siku mwili ulipokuwa mzito, kwa kuwa sauti yake ilikuja tayari imetengenezwa, na Pleyel siku alipokuwa na nguvu za kuitafuta sauti yake. Baba yako ameshahukumu: Steinway, na hataki mjadala. Mimi nina jina langu na ulimi unaniwasha, ila nimezisikia piano hizo kupitia maikrofoni tu. Sisemi.

Mwombe mwalimu wako akae safu za katikati akupe mgongo, aandike namba za piano bila majina. Inayong'aa ukiwa umeketi mbele yake huenda ikawa nyembamba kule aliko, na watu wakijaa ukumbini watameza sauti za juu zaidi. Mkitofautiana, fuata sikio la aliye mbali. Ukishachagua, mtafute fundi wa piano hiyo umweleze kilichokusumbua, kwa mfano kitufe fulani kinachelewa kurudi. Hilo analiweza. Sauti ya ubao wenyewe ulio chini ya nyuzi haiwezi, kwa hiyo usimwombe.

Mama yako