Dada wa Nkuhungu, huo unga usiulaze mezani

Mleta mada, simama kwanza hapo hapo. Umesema wifi zako wanaingia Jumapili alfajiri na unataka kuwaandalia ule mkate mtamu wa madonge wa Kimarekani, unaomegwa donge moja moja ungali wa moto, sukari na mdalasini vikichuruzika. Mkate ni mzuri na wageni wataupenda. Ila uliposema "nakanda Jumamosi saa tatu usiku, napanga kwenye sufuria, nafunika na taulo naacha mezani, saa kumi na mbili naoka", nimeacha uji jikoni nikaja kukuandikia. Usifanye hivyo! Mengine yote uliyouliza yanaweza kusubiri.

Maelekezo hayo niliyafuata mimi, neno kwa neno, na naona umeyatoa kwa mwalimu yule yule wa video, maana hata "taulo lenye unyevunyevu" umelirudia. Mama mkwe alikuwa amekuja na ndugu zake kutoka Kondoa. Nilikanda kilo nzima ya unga, mayai, maziwa, siagi ya kutosha, iliki, na zabibu kavu juu yake. Ilikuwa Novemba kama hii, mvua hazijashika. Mnaoishi hapa Dodoma mnajua nyumba zetu za bati: jua likizama, joto la mchana linabaki kwenye kuta mpaka usiku wa manane.

Saa kumi na moja nafungua mlango wa jikoni, kabla hata sijawasha taa, harufu ya pombe ikanipokea. Unga ulikuwa umepanda ukamwagika kingoni, halafu ukadidimia wenyewe. Taulo limegandana nao. Nikilivuta linakuja na nyuzi ndefu zinazonata kama ulimbo. Madonge hayakuwa madonge tena, yameungana yakawa kitu kimoja chenye matundu, na sukari yote imegeuka maji ya kahawia, imetuama kwenye kitako cha sufuria. Nikaoka hivyo hivyo, kwa sababu watu wameshaamka na vitu vyote vya kifungua kinywa vimeishia humo. Siagi ikachuruzika kwenye sakafu ya oveni, moshi ukajaa nyumba nzima. Kilichotoka ni bapa, juu kimepauka, katikati kibichi, mdomoni kichachu. Mama akamega kipande, akatafuna polepole, akaniuliza kwa upole kama nimetia togwa. Chai wakanywa na vitumbua vya jirani.

Sasa sikiliza kwa nini, maana hapa ndipo yule mwalimu anapowapoteza watu. Huko Marekani, mkate huu wa kulaza usiku kucha wengi hawaupiki kwa unga waliokanda jioni ile. Wananunua madonge ya mkate yaliyogandishwa dukani, wanayapanga kwenye sufuria yakiwa magumu kama yalivyotoka kwenye friza, wanamwagia siagi, sukari na mdalasini, wanafunika, wanalala. Saa za mwanzo za usiku madonge yanayeyuka tu, hamira bado iko ganzi. Inakuja kuchangamka usiku umeshakwenda, ndiyo maana wakiamka wanakuta yamevimba vizuri. Usiku kucha mezani ni wa unga ulioganda! Mwalimu wetu akayatoa yale madonge ya friza, akaweka unga mbichi uliokandwa kwa maziwa ya vuguvugu na kijiko kikubwa cha hamira, lakini muda akauacha vile vile. Siamini kwamba aliwahi kuupika mkate huo kwa njia anayoifundisha. Mtu aliyewahi kuufunua unga wa hivyo alfajiri asingethubutu kumwambia mwenzake.

Nilimwandikia chini ya video yake nikamweleza yaliyotokea. Akanijibu "hamira yako imepitwa na wakati". Hamira iliyokufa inamwaga unga nje ya sufuria? Kisha swali langu likafutwa, video ikabaki, na wanawake wanaendelea kuharibu mayai na siagi kwa bei za sasa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Unga laini wa vuguvugu wenye hamira ya kutosha, kwa joto la jikoni kwako, unaumuka ukawa mara mbili ya ulivyokuwa ndani ya saa moja hadi saa moja na nusu. Ukikanda saa tatu, saa nne na nusu unastahili kuwa unaingia kwenye oveni. Wewe utakuwa umelala. Hamira haijui kwamba wageni wanakuja asubuhi, inaendelea kula sukari na kutoa gesi na kileo mpaka unga wenyewe unachoka, hauwezi tena kuishika ile gesi. Ndiyo maana unadidimia, unachacha, na ukiuoka hauchukui rangi, kwa sababu sukari ya ndani iliyotakiwa kuupa wekundu imeshaliwa. Na Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, gesi inatanuka kirahisi zaidi. Isitoshe, mayai mabichi na maziwa kushinda saa tisa kwenye joto la Novemba, utampa mtoto wa wifi yako?

Kwa hiyo shika hili moja: unga wa hamira ukilala, unalala kwenye friji. Watakaokuja kusema wao huacha mezani na hakuna kinachoharibika, waseme pia walitia hamira kiasi gani na ilikuwa mwezi gani.

Kwa unga wa ngano nusu kilo, tia hamira ile ya chenga ndogo inayochanganywa moja kwa moja na unga, kijiko kimoja cha chai na nusu, usizidishe. Sukari vijiko vinne vya chakula, chumvi kijiko cha chai, yai moja, siagi gramu 60, maziwa robo lita kasoro kidogo. Maziwa yawe ya BARIDI. Yule mwalimu anasema vuguvugu. Kwa unga unaooka muda ule ule ni sawa, kwa unga wa kulala unaipa hamira mbio kabla friji haijaukamata, na katikati ya donge kubwa joto linakaa muda mrefu. Kanda dakika kumi mpaka uwe laini, upumzishe nusu saa, kata madonge ya ukubwa wa ndimu, chovya kwenye siagi iliyoyeyuka ikapoa, gaagaza kwenye sukari na mdalasini, panga. Sufuria ifike nusu tu. Funika na foili uliyoipaka mafuta, ingiza kwenye friji kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Siagi ikiganda inaishikilia sukari kwenye madonge badala ya kuiacha ishuke chini.

Umeme ukikatika usiku, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa inatunza ubaridi kama saa nne hivi.

Kama friji huna, omba kwa jirani, au tafuta deli lenye mfuniko ulijaze barafu za kununua. Mwezi wa sita na wa saba, Dodoma ikiwa na baridi yake, unaweza kulaza unga usio na yai wala maziwa kwa robo kijiko cha chai ya hamira tu. Novemba usijaribu. Afadhali uamke saa tisa ukande, na saa kumi na mbili na nusu mkate uwe mezani.

Asubuhi utoe, uache ujikunjue kati ya dakika 45 na saa nzima. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole bila kufutika kabisa, oka. Likiruka kurudi juu mara moja, subiri. Moto nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 30 hadi 35, na sinia chini ya sufuria la kukinga siagi. Ukitoka, hesabu dakika tano, upindue kwenye sahani. Ukichelewa sukari inaganda na mkate unang'ang'ania sufuria.

Uliuliza pia kuhusu sufuria yenye tundu katikati na mahali pa kupata sukari ya kahawia. Wadau wengine watakuelekeza, pale soko la Majengo wapo wanaonunua kila wiki. Mimi nataka unijibu moja tu kabla ya Jumamosi: friji unayo, au nikuelekeze namna ya kupanga hizo barafu?