Meseji ziko apu nne, nifanyeje zikae sehemu moja?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Mwanza, wateja wengine wananitafuta WhatsApp, wengine DM ya Instagram, wengine Messenger, na mzigo mpya tunatangaziwa kwenye grupu la Telegram. Juzi wa Insta kaniuliza kile cheusi namba 38 kipo, mi nikamjibu mtu wa WhatsApp nikidhani ndo yeye, kuja kustuka wa Insta kashanunua kwingine. Kijana mmoja fundi simu anataka aniwekee GB WhatsApp anasema itakusanya zote. Nikubali?

JIBU: Pole sana dada yangu, ila hiyo GB usikubali kabisa. Kwanza haikusanyi chochote, ni WhatsApp iliyochezewa tu, Play Store haipo, watu wanarushiana faili mkononi na hujui ndani kumewekwa nini, na WhatsApp wakikukamata nayo wanaifungia namba. Namba ya biashara ikifungwa wateja wa miaka yote utawapatia wapi?

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na Meta Business Suite, ya bure, ya wenyewe wenye Instagram na Facebook. Akaunti yako ya Insta uigeuze iwe ya biashara, uiunganishe na peji yako ya Facebook, basi DM na Messenger zinaingia kikasha kimoja, yule wa namba 38 ungemwona palepale juu. Hapo apu nne zishapungua.

Ukitaka zote kabisa ipo apu inaitwa Beeper, aliianzisha Eric Migicovsky yule wa saa za Pebble, na 2024 ikanunuliwa na Automattic, wenye WordPress.com, kwa dola milioni 125. Inashika WhatsApp, Telegram, Insta, Messenger mpaka Signal, na mteja wako hahitaji kuwa nayo, yeye anaendelea kukuandikia kulekule alikozoea. WhatsApp inaiunganisha kwa kuskani QR kama unavyofungua WhatsApp ya kompyuta, kwahiyo WhatsApp yenyewe usiifute kwenye simu, na usikae siku 14 hujaifungua maana vilivyounganishwa vyote vitajitoa. Ila nikwambie ukweli, WhatsApp hawapendi programu za pembeni, hata hii ambayo ni ya heshima, kwahiyo mimi namba inayoniletea ugali nisingeanza nayo, ningejaribu kwanza na Telegram na Insta nione wiki mbili tatu inaendaje.

Halafu kama simu yako ilishakaa kwa huyo kijana hata nusu saa, sasa hivi fungua WhatsApp, gusa vile vidoti vitatu vya juu (kwenye iPhone ni mipangilio), halafu vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua iguse uitoe, kisha weka ile PIN ya hatua mbili, yaani namba ya siri ambayo WhatsApp inaiuliza mtu akitaka kusajili namba yako kwenye simu nyingine, namba anayoijua mtu mwingine usiitumie, hata mwaka wako wa kuzaliwa usiweke.