Umaskini umepungua? Tazama dodoso kwanza

SWALI: Tumetangaziwa kwamba umaskini nchini umeshuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Mbona mimi naona maskini wanaongezeka? Nani anatudanganya?

JIBU: Huenda hakuna anayedanganya. Katika nchi ya watu milioni 40, asilimia 30 ni maskini milioni 12. Watu wakifika milioni 50, asilimia 25 ni milioni 12.5. Asilimia imeshuka, maskini wameongezeka. Kutangaza ya kwanza na kuinyamazia ya pili si haki.

Lakini mimi niliyewahi kuwa mdadisi wa tafiti za kaya ninalo swali zaidi: dodoso la safari hii ni lilelile la safari iliyopita? Umaskini hupimwa kwa matumizi ya kaya, hivyo unaketi na mama, unamuuliza kaya imekula nini siku 7 zilizopita. Anahesabu kwa vidole, anamwita binti yake amkumbushe, mnafika. Muulize siku 30: vitu vidogo vidogo vinamtoka kichwani, na kaya ileile inaonekana imekula pungufu. Njaa ni ileile, kilichobadilika ni swali.

India yaliwakuta. Takwimu rasmi zilionyesha umaskini umeshuka kutoka asilimia 36 mwaka 1993/94 hadi 26 mwaka 1999/2000. Kumbe utafiti wa awali uliuliza chakula cha siku 30, na huu wa pili ukamuuliza kila mhojiwa siku 7 na siku 30 kwa pamoja. Wachumi walibishana miaka. Angus Deaton, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2015, alikokotoa upya akaona umaskini ulishuka kweli, ila si kwa kiasi kile.

Pengo la kipato ni gumu zaidi kulipima. Kipimo cha Gini, kinachoanzia 0 (wote sawa) hadi 1 (mmoja anavyo vyote), hutazama uwiano tu: matumizi ya kila mtu yakiongezeka maradufu, hakisogei, ingawa tofauti ya fedha kati ya tajiri na maskini nayo imekuwa maradufu. Isitoshe, tajiri hahojiki kirahisi. Getini unaambiwa bosi hayupo, rudi kesho. Kaya za aina hiyo zikikosekana, ripoti huonyesha pengo dogo kuliko lililopo.

Ukiipata ripoti, anzia viambatisho vya nyuma. Tafuta siku zilizoulizwa, mfumuko wa bei ulivyorekebishwa na kaya ngapi zilikataa kuhojiwa. Usipoyaona, iandikie ofisi ya takwimu uyadai.