Bosi kaleta ChatGPT ofisini, nilipie kozi ama nitafute kazi ingine?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni karani kwa kampuni ya kliaringi (kutoa mizigo forodhani) hapa mpakani Malaba, mwaka wa sita sasa. Nasoma ankara na pakingi listi, naandaa deklaresheni, naandikia wateja maimeli. Bosi ameanza ChatGPT, maimeli yote siku hizi anaandikisha huko, na juzi kaniambia niiulize hata namba za HS, zile za kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru. Kuna jamaa anatangaza kozi ya prompti, yaani namna ya kuiandikia maswali, siku mbili, laki tatu pamoja na cheti, eti asiye nacho mwakani hana kazi. Nilipe?

JIBU: Usilipe dada yangu. Huyo jamaa nitamrudia.

Swali hili naletewa karibu kila wiki na wote mnauliza vilevile, itachukua kazi yangu ama haichukui, utadhani kazi ni gunia linabebwa lote mara moja. Inamegwa. Maimeli yameshaenda, kubali tu. Kutafsiri ankara ya Kichina, kutoa bidhaa kwa PDF na kuzipanga kwa jedwali, hizo nazo ziko njiani, na kusema ukweli inazifanya vizuri kuliko mimi saa kumi jioni nikiwa nimechoka. Mwaka 2023 watafiti wa OpenAI na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikadiria kama asilimia 80 ya wafanyakazi wa Marekani wanaweza kuguswa angalau asilimia 10 ya shughuli zao. Hiyo ni Marekani, sio Malaba, lakini ona wanachohesabu: vipande vya kazi.

Sasa hiyo ya kuiuliza namba za HS ndio inanipandisha presha. Watu wanafikiri mle ndani kuna kitabu cha ushuru, inakifungua inasoma. Banange, hakuna kitabu! Imesoma maandishi mengi mno na inakisia neno gani lifuate, na hata zile zinazotafuta mtandaoni zinaweza kuokota ukurasa wa zamani zikakuletea kama mpya. Majuzi nilikaa na karani mmoja tukaiuliza breki pedi za gari. Ikatupa 8708.31, na maelezo matamu juu. Namba hiyo iliondolewa kwenye toleo la HS la 2007, ikaunganishwa ndani ya 8708.30! Tukaiuliza, una hakika? Ikaomba radhi, ikatupa 6813. Una hakika? Ikaomba radhi tena, ikarudi kulekule 8708.31, na mara zote tatu inaongea kama jaji. Halafu 6813 yenyewe sio upuuzi, huko ndiko inakoenda lainingi ya breki (ule utando unaosugua) ambayo haijafungwa kwenye bati lake, kwa hiyo jibu liko ndani ya katoni na aliyefungua katoni ni wewe. Viwango vya ushuru pia hivyohivyo, bendi ya asilimia 35 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Julai 2022, na maandishi ya kabla ya hapo, ambayo imeyasoma tele, yanaishia 25.

Kwa hiyo kipande ambacho bosi anataka kuipa ndicho kile hasa hakitakiwi kutoka mkononi mwako. Chukua mafaili kumi yaliyokwisha kulipiwa kodi na mzigo ukatoka, futa majina na simu za wateja (kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mteja hakukutuma umtangaze), iulize bidhaa moja moja, andika pembeni ilipokosea. Mpelekee bosi hiyo karatasi, usimpelekee malalamiko.

Na hawa wa kozi, wako kila kona sasa, wengine mwaka jana walikuwa wanauza forex. Wanakufundisha kuandika "wewe ni mtaalamu wa forodha" mwanzo wa swali, ndio siri yote hiyo, kisha cheti chenye muhuri wa dhahabu. Kuiambia ni mtaalamu hakuifanyi ijue, inabadilisha lugha tu, na kosa lenye lugha ya kitaalamu ni gumu zaidi kulikamata. Mmoja nilimuuliza 8708.31 ilikwenda wapi. Akatoa simu, akaiuliza ChatGPT.