Kulanti inapungua na chini ni pakavu

Dada, gari likipoteza nusu lita ya kulanti (maji ya kupoza injini) kwa wiki bila tone chini, na mshale wa joto ukipanda kwenye foleni ya feri Likoni, mara nyingi kulanti huvuja injini ikiwa moto na kukauka papo hapo. Usilipeleke hivyo.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (kifuniko cha rejeta kikiwa moto kitakuunguza), jaza rejeta mpaka juu. Mwombe fundi afunge pampu ya kupimia presha, aipige hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, nyingi ni 0.9 au 1.1 bar, aiache dakika 15. Mshale wa presha ukishuka, mulikeni tochi kwenye ncha za mipira ya maji, kiungo cha plastiki na alumini cha rejeta, na kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Alama nyeupe au ya waridi iliyoganda ndiyo njia ya uvujaji. Pampu ya maji ikivuja kwenye kitundu hicho hubadilishwa, haizibwi. Kifuniko nacho kipimwe. Mpira wake ukichoka, kulanti huchemka mapema.

Nje kukiwa safi, gusa zulia la mbele upande wa abiria: likiwa na unyevu wenye harufu tamu, hita (rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari) imetoboka. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta ni dalili ya kuharibika kwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Tafadhali usiongeze maji ya kisima. Mengi hapa Mombasa yana chumvi, nayo hula alumini. Changanya kulanti na maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilled), nusu kwa nusu. Dawa za kuziba ziache, huziba hata vijia vya hita.