Canning Stock Route kwa Land Cruiser ya dizeli: lita 180 hazitoshi

Ndugu, umesema mko wawili na Land Cruiser moja ya dizeli yenye matangi ya lita 180, mnataka kupita Canning Stock Route, njia ya zamani ya kuswagia ng'ombe katika jangwa la Australia Magharibi, mnatoka Wiluna mwezi wa saba kwenda Halls Creek, na hofu yenu kubwa ni kukwama kwenye matuta ya mchanga. Nianze na mafuta, kwa sababu hapo hesabu yenu imekosea.

Njia nzima ni kilomita 1,850 hivi. Kutoka Wiluna hadi kijiji cha Kunawarritji, jirani na Kisima namba 33 (visima vya njia hii vimepewa namba), ni kama kilomita 1,000, na pampu ya kwanza mtakayoitegemea ni hiyo. Gari lililosheheni hunywa lita 20 hadi 25 kwa kilomita 100 kwenye mchanga ule. Hiyo ni lita 200 hadi 250, na bado hujaweka michepuko wala akiba. Bebeni 280. Duka la Kunawarritji hufunguliwa saa chache, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kuondoka mhakikishe dizeli ipo. Kipande kinachofuata hadi kijiji cha Billiluna ni chini ya kilomita 700.

Lita 280 ni karibu kilo 240. Ongeza maji, vyakula, tairi mbili za akiba na vifaa, hapo ndipo adui wa kweli anapoingia, yaani uzito. Madumu ya dizeli yasipande kwenye keria. Yafungwe chini, katikati ya ekseli mbili. Pickup za milango minne huvunjika chesi nyuma ya kebini kwa sababu mizigo hurundikwa nyuma ya ekseli, na mifuko ya hewa iliyowekwa kati ya chesi na ekseli kusaidia springi huhamishia kishindo chote sehemu moja ya chesi.

Matuta ya mchanga ni zaidi ya 900, ni kweli, lakini kinachoua magari pale ni yale mawimbi ya barabara yanayofanana na bati. Waliopita Isiolo hadi Moyale kabla ya lami wanayajua. Shokamzoba ikipigwa saa nyingi bila kupumzika, oili yake huchemka na kutoa povu, sili hupasuka, kisha springi inabaki kurusha gari peke yake. Shika kilomita 20 hadi 40 kwa saa, gusa shokamzoba kwa mgongo wa kiganja kila mnaposimama, na ikiwa huwezi kuuacha mkono hapo, subirini ipoe. Bebeni mbili za akiba pamoja na bushi zake. Kila jioni pitisheni spana kwenye nati za magurudumu, boliti za shokamzoba, vishikizo vya betri na miguu ya keria. Tela liacheni nyumbani kabisa.

Upepo wa tairi, kwa psi: 22 hadi 25 kwenye mawimbi, 15 hadi 18 kwenye matuta. Kusini, karibu na Wiluna, kuna vichaka vya mulga, na vijiti vyake vikavu hutoboa ubavu wa tairi. Ukiushusha upepo mno huko, ubavu unatanuka na kukaribisha kijiti. Kiraka cha kuchomeka hakishiki ubavuni, ndiyo maana nasema tairi mbili za akiba. Na tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa huchemka na kuchanika.

Kupanda tuta, weka gia nzito kabla ya kufika, namba mbili au tatu, na mwendo mmoja bila kukanyaga ghafla. Ukishindwa, acha mafuta mara moja, rudi nyuma kwa mstari ulionyooka, punguza upepo, jaribu tena. Usikate kona ubavuni mwa tuta, gari litalala. Kuzungusha magurudumu bure kunachimba mashimo, na anayekuja nyuma yako ndiye anayeumia. Kibendera kirefu mbele ya gari ni lazima, na redio ya UHF iwe chaneli 40, mkitangaza mlipo, maana kileleni humuoni anayepanda upande wa pili.

Nyasi za spinifeksi zisikieni vizuri. Zina utomvu unaowaka kirahisi, na mbegu zake huziba rejeta. Fungeni wavu wa mbegu mbele. Kila mkisimama, lala chini uchungulie juu ya bomba la ekzosi na uzitoe kwa waya wenye ndoano. Magari yameungua yakaisha kwa uzembe huo tu. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na dereva, sio chini ya mizigo.

Maji, lita 6 kwa mtu kwa siku. Kisima namba 6 na Georgia Bore huwa na maji mazuri, lakini visima vingi vimebomoka, kwa hiyo msiondoke na chini ya lita 70. Ziwa la chumvi la Kumpupintil, ambalo hadi 2020 liliitwa Lake Disappointment, msilikanyage kwa gari: juu ni ganda, chini ni tope.

Kibali kichukuliwe mapema, na mwulize kama njia imefunguliwa, maana mvua huifunga. Ile ni nchi ya Wamartu, wenyeji wa asili wa jangwa hilo, na majirani zao. Alfred Canning, mpima ardhi ambaye njia imepewa jina lake, alipoipima 1906 na 1907 aliwafunga wenyeji minyororo wamwonyeshe maji yao, hadi tume ya serikali ikaundwa 1908. Palipoandikwa msiingie, msiingie.

Simu za kawaida hazishiki sehemu kubwa ya njia. Chukueni simu ya setilaiti na kifaa cha dharura cha 406 MHz. Mpangilie siku 16 hadi 20, na chakula cha siku 5 za ziada. Kwa gari moja peke yake, tafuteni kwanza wenzenu wa kuongozana nao.