Mlezi Akihamishwa, Chama Huenda Naye

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama vyama vya wanafunzi na michezo vinawafaa watoto wa sekondari katika miji midogo, au vinawala tu muda wa kusoma. Nina binti kidato cha tatu hapa Lamu, kwa hiyo neno la mzazi ninalo. Lakini kazi yangu ni saiba, duka la kompyuta na fotokopi, pale Langoni, na ninayoyajua kuhusu vyama nimeyajulia kwenye mashine ya fotokopi zaidi kuliko kwenye mikutano ya wazazi.

Kila chama hupita kwangu kikiwa karatasi. Katiba, orodha ya wanachama, barua ya kuomba ruhusa nyumbani, mada za mdahalo, mchezo wa kuigiza uliochakaa pembe. Chama kilicho hai utakijua tu: karatasi yake imekatwakatwa majina, mengine yameongezwa kwa wino wa rangi nyingine, na aliyeileta haondoki mpaka nimkuzie herufi za kichwa. Kilichokufa huleta karatasi safi, mara moja kwa mwaka, siku ambayo wageni wanatarajiwa na faili zinatafutwa mbio mbio.

Suala la muda nitalimaliza upesi. Anayedhani chama kinamnyang'anya mtoto saa za kusoma hajaijua alasiri ya Lamu. Vyama hukutana baada ya kipindi cha mwisho, kuanzia saa tisa unusu hivi mpaka karibu saa kumi na moja. Baada ya hapo wengi wana darasa la dini, na msichana anatakiwa awe ndani kabla ya Magharibi. Mtoto asiye na chama hafungui vitabu katika muda huo wa saa moja na nusu. Yuko forodhani na simu. Tena mambo yamegeuka. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu wanazochaguliwa ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Ngoma, maigizo na mpira vimeshaingia darasani, na sisi wazazi bado tunabishana kama ni mchezo.

Swali ambalo mngetuuliza ni jingine: kwa nini vyama hivi vinakufa vikiwa vichanga?

Palikuwa na chama cha maigizo katika shule moja ambayo sitaitaja. Mlezi wake alikuwa mwalimu kijana kutoka bara, mwenye moto. Mchezo wao ulihusu ndugu wanaogombea kiwanja cha marehemu baba yao, na walipokuja kuuchapisha walisimama mlangoni mwangu wakigombana kwa sauti za jukwaani hata mteja mmoja, mtu mzima, akaweka kapu lake chini akataka kuwaamua. Mashindano ya maigizo ya shule nchini yana historia ndefu, tangu 1959, na hupanda ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Wale watoto walivuka ngazi ya kwanza, na kwa shule ambayo haikuwa na jukwaa hilo si jambo dogo.

Mwaka uliofuata mwalimu akahamishwa. Hakufanya kosa, uhamisho ni uhamisho. Ila kanzu, vilemba na mashuka ya mandhari vilikuwa vimefungiwa stoo, na hapana aliyejua ufunguo uko kwa nani. Nakala ya mchezo ilikuwa kwenye kompyuta yake. Akateuliwa mlezi mwingine, mwalimu wa hesabu ambaye tayari alikuwa na mpira wa wavu na skauti mikononi. Jina lake likaandikwa ubaoni, na mpaka leo sijaona karatasi ya maigizo kutoka shule ile.

Sasa kitazameni chama cha mazingira cha shule hiyo hiyo. Kimebadilishiwa walezi si mara moja, na hakijatetereka. Sababu ni kwamba walezi wake wa kweli hawaajiriwi wala hawahamishwi: ni akina mama wa hapa wanaopanda mikoko. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii yetu, kwa hiyo kazi haiishi na wanaoijua hawakosekani.

Nilifuatana na binti yangu Jumamosi moja nikaona. Mbegu ya mkoko huanza kuchipua ikiwa bado inaning'inia mtini, ndefu na nyembamba, kisha hudondoka. Unaichomeka topeni kama theluthi moja, ile ncha nene chini na kile kichomozo cha jani juu. Kuna mvulana wa kidato cha kwanza alipanda mstari mzima kinyume. Mama mmoja akampitia nyuma, mguu mmoja umezama hadi goti, akaing'oa ya kwanza na kumpa mkononi: "Mwanangu, huyu umemsimamisha kwa kichwa. Mgeuze." Hakumcheka. Mvulana akarudi kuzigeuza zote, na mama akasonga mbele na kikapu chake.

Lakini kilichonivutia zaidi ni ratiba. Ratiba ya shule inasema vyama ni alasiri, siku moja ya wiki. Bahari yetu haikuiona ratiba hiyo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, ndipo maji yanapokauka sana, na hapa kwetu hukauka katikati ya asubuhi, mnamo saa nne hivi, watoto wakiwa darasani. Ifikapo alasiri ya chama yamejaa, na pale pa kupandia pamefunikwa. Ukija siku za maji mafu, alasiri maji hutoka, ila hayatoki kwa kutosha. Mlezi wa kwanza, mtu wa bara, alihangaika muhula mzima akiwapeleka watoto kutazama maji. Akina mama ndio waliomwambia: acha alasiri, chukua Jumamosi inayoangukia bamvua. Zikipatikana mbili kwa mwezi, shukuruni.

Tangu hapo naletewa kikaratasi kila mwezi. Kina tarehe, saa ya maji kukauka, na jina la mwanafunzi atakayepita kuwaamsha wenzake. Natoa nakala, moja inabandikwa shuleni na nyingine kwa akina mama. Mlezi mpya alipofika alikikuta ukutani. Hakuwa na la kuanzisha. Aliuliza tu wanaondokea gati gani.

Mnaona ninakoelekea. Katika mji mkubwa, akiondoka mwalimu wa maigizo huenda shule ya jirani ina mwingine. Huku kwetu mwalimu mmoja anabeba vyama vitatu, na akipanda boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, na mabegi yake, vyote vitatu vimepanda naye. Wakati huohuo mji umejaa watu wa kudumu ambao shule haijawahi kuwagongea. Matondoni kuna mafundi wanaounda majahazi. Wacheza bao wako barazani kila jioni. Washairi ndiyo usiseme. Chama cha Kiswahili cha shule huamka Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, kinaimba shairi moja lililotoka intaneti, kinalala tena. Na mzee anayeweza kuwafundisha kupima mizani ya shairi kwa sikio anakaa hatua chache kutoka lango la shule! Hili linaniudhi kuliko yote.

Mpango mmoja ulioelewa jambo hili ni Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka 1966, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Kijana huchagua ujuzi, huduma, mazoezi ya mwili na safari, na anayethibitisha kwamba ujuzi umefanyiwa kazi si lazima awe mwalimu. Anaweza kuwa mtu wa nje anayeujua ujuzi wenyewe. Fundi wa kuchonga milango anaweza kumsainia mwanafunzi. Ni kweli wapo wanaofukuzia cheti tu, nawaona wakija kukiwekea plastiki kabla wino haujakauka, lakini hata hao wamelazimika kukaa na fundi.

Michezo ni habari nyingine, na hapo mji hauwezi kuchukua nafasi ya pesa. Kaunti yetu ina maeneo bunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Timu ya Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ikija kucheza huku lazima ipande boti, na mechi ikiwa Mpeketoni, upande wa bara, boti kisha gari. Mpira wa miguu unachezwa muhula wa pili, na muhula wa pili ndio msimu wa kusi, bahari imechafuka. Mzazi anayekataa kutia saini barua ya ruhusa ya binti wa netiboli msimwite mshamba. Pengine ametazama upepo. Muulizeni kwanza kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, kisha mkubaliane saa ya kurudi. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa kutwa wa sekondari kwa mwaka, ndani yake mna fungu la shughuli hizi, lakini petroli ya kwenda Faza na petroli ya basi la shule ya mjini Nairobi hazilingani, na fungu ni lile lile. Hilo lingetazamwa upya. Sina zaidi la kulisema.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, vinafaa, kwa sharti moja ambalo shule inaweza kulitimiza muhula huu bila kusubiri hela ya mtu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la chama yaandikwe majina mawili ya walezi: la mwalimu, na la mtu wa mji mwenye kuijua kazi hiyo. Daftari likae ofisini, na ndani yake mambo ya kawaida kabisa: nani ana ufunguo wa stoo, nakala ya mchezo iko wapi, nahodha gani huwapeleka na kwa bei gani. Mwalimu akihamishwa, akabidhi daftari hilo kwa huyo wa pili kabla ya kufunga mabegi.

Mlezi yeyote atakayekuja Langoni na daftari la namna hiyo, nitamtolea nakala mbili bure. Kuanzia ya tatu ni shilingi kumi, kama kawaida.

Msomaji, Langoni, Lamu